Gavana Aliyefunga Daraja

Wasomaji wangu, amefariki yule mzee mgeni wa Sombetini ambaye niliwahi kumtaja hapa nikimwita rafiki yangu wa viatu. Habari ilinifikia Jumanne asubuhi, kiatu cha mwalimu mmoja kiko mapajani mwangu na sindano imeingia nusu. Mama mwenye nyumba wake alikuja kwa miguu, kanga kichwani, akasimama mbele ya kibanda changu. "Baba, shikamoo. Gavana hakuamka leo." Nikamuuliza gavana yupi, kama mjinga, kana kwamba mtaa wetu una magavana wengi. Kile kiatu sikukimaliza siku hiyo, na mwalimu anisamehe, najua Jumatano alifundisha na ndala.

Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo siasa za kwao sitajaribu kuzichambua. Ninachojua ni kwamba alikuwa mkuu wa jimbo zima katika jamhuri moja ya jirani, nchi yenye rutuba ambayo bunduki zimekuwa nyingi kuliko majembe. Nchi siitaji na yeye simtaji, maana watu wa kwao wapo hapa mjini wa kila upande, na kila upande una gavana wake. Hawa watakwambia alichonga barabara, alifungua shule, na majimbo mengine yalipoungua la kwake lilibaki. Wale wakisikia jina lake wanatema mate chini. Alikuja Arusha na ujumbe wa mazungumzo ya amani. Mji wetu umezoea watu wanaokuja kupatana: wanalala hotelini, wanagombana, wanapiga picha, wanaondoka. Sasa wakiwa katikati ya kugombana, serikali yake ikaanguka huko nyuma. Wenzake wakaenda Kisongo kupanda ndege, kila mmoja na anakokujua. Yeye akabaki na suti mbili na jozi moja ya viatu vya ngozi, na viatu hivyo ndivyo vilivyomleta kwangu.

Kazi yangu ina jambo moja ambalo kazi nyingine hazina. Mtu anayesubiri kiatu hawezi kukukimbia. Anakaa pale kwenye kigoda, soksi imetoboka kidole, na hata awe mkubwa namna gani atazungumza. Gavana aliizoea ile sehemu akawa anakuja hata viatu vikiwa vizima. Madereva wa bodaboda walimtania, "Shikamoo Gavana! Jimbo linasemaje?" Naye alijibu bila kucheka, "Marahaba. Jimbo limelala njaa, bajeti imeliwa na gavana." Nimekuwa nikikitazama kigoda kile tangu Jumanne. Juzi mteja alitaka kukikalia, nikajikuta namwambia kimevunjika mguu. Hakijavunjika.

Siku moja ya mvua, wateja hakuna, akanisimulia habari ya daraja. Vita vilipokaribia jimbo lake kulikuwa na mto, na daraja moja tu. Akaamuru lifungwe ili wapiganaji wasivuke. Lakini ng'ambo ile, mbele ya wapiganaji, walikuwepo watu wanaokimbia, wenye magodoro kichwani na watoto mgongoni. Wakabaki pale wamezuiwa, mpaka wale wa nyuma wakawafikia. "Jimbo lilipona, Fundi," akaniambia. Akarudia, "Lilipona." Ndipo akasema kilichomnyima usingizi. Kanisani, Jumapili iliyotangulia, alikutana na mama mmoja wa kwao, ameolewa na Mmeru, anauza ndizi sokoni Kikatiti. Mama mzazi wa huyo na mdogo wake walifia ng'ambo ile. Walipotoka nje ya kanisa yule mama alimwambia hivyo akimtazama usoni, kisha akaondoka.

Hapa ndipo mimi nilipojifanya mwenye akili. Nikamwambia, mzee mwenzangu, kwetu mlimani hili lina njia. Wameru na Wachaga, mtu akikujia na jani la isale kuomba msamaha, hukatai. Nimeona ndugu waliotishiana mapanga kwa mpaka wa shamba wakala sahani moja kwa sababu ya jani hilo. Nikalikata mwenyewe nyuma ya nyumba, nikampeleka Kikatiti siku ya soko, yeye na suti yake, mimi na hotuba yangu.

Yule mama alikuwa anapanga mikungu. "Shikamoo baba," akaniamkia mimi. Mwenzangu hakumwamkia.

Nikaanza, "Mwanangu, tumekuja kwa unyenyekevu, na hili isale..."

"Naliona, baba. Nimeolewa huku, jani hilo nalijua. Mngempelekea baba mkwe wangu angesamehe hapo hapo, na chai mngekunywa. Lakini waliokufa ni wa kwetu, na kwetu hatuna jani." Akamgeukia Gavana. "Na wewe, huna mdomo? Hata huku unatembea na msemaji?"

Gavana akakohoa. "Mama, hali ilikuwa mbaya sana. Amri zilitoka juu."

"Juu wapi? Kwenye jimbo lile, juu yako kulikuwa na nani? Mawingu?"

Muuza nyanya wa jirani akacheka, kisha akaona haya, akaanza kufuta nyanya zake moja moja.

"Siku utakayokumbuka nani alitoa amri, uje," yule mama akasema. "Uje peke yako."

Tulirudi na jani letu. Jino la pembe si dawa ya pengo, na mimi nilikuwa nimempelekea mama wa watu jino la pembe. Gavana aliendelea kuja kigodani, tukaongelea bei ya sukari, magoti, mvua za mlimani. Kikatiti hakuitaja tena, nami niliogopa kuuliza. Nikadhani amekata tamaa.

Tumemzika Alhamisi hapa hapa mjini, kwao hapafikiki. Waliompenda walihutubia juu ya barabara na shule. Wasiompenda hawakuja, isipokuwa mmoja. Yule mama wa Kikatiti alikuja akasimama kando yangu.

"Sikutegemea kukuona," nikamwambia.

"Alikuja, baba. Jumamosi tatu." Ya kwanza, akasema, Gavana alikaa juu ya kreti mpaka soko likafungwa, hakusema neno. Ya pili akasema, "Ni mimi. Nilikuwa upande wetu wa mto na darubini. Niliona ni raia, na sikufungua." Ya tatu akaanza kueleza alichokiona. Kwamba kulipokaribia kuchwa wanawake waliokwama walianza kuimba, na sauti ilivuka maji ikamfikia.

"Mama yangu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani," akaniambia. "Siku ile nilishindwa kusema kitu. Nikajiwekea swali, Jumamosi hii nimuulize waliimba wimbo gani."

"Ulikuwa umemsamehe?"

"Bado. Lakini nilikuwa namsubiri."

Nimelibeba neno hilo tangu makaburini. Mimi namkosa kwa sababu ya maongezi, na maongezi nitayapata kwa wengine. Yeye anamkosa kwa sababu hakuna mwingine duniani aliyewaona watu wake mwisho wao. Wakubwa wetu, wa huku na wa huko, wanadhani anayewadai ukweli anataka kuwaona wamepiga magoti. Huenda anataka tu kuambiwa mama yake alikuwa anafanya nini. Kama unaye mtu wako wa namna hiyo, ndugu msomaji, usingoje ujue utaanzaje. Nenda ukakae, na ukishasema usiinuke haraka, kwa maana maswali huja baadaye. Rafiki yangu alihitaji Jumamosi moja zaidi, na huko nyuma alikuwa na miaka mizima ya Jumamosi, nyingine akizimalizia kwangu.