Moshi Mbele ya Wageni

Baba alijenga jiko letu kwa mikono yake, miaka ya tisini ikianza, baada ya kuona mfano wake kwenye maonyesho ya wakulima. Lilikuwa la matofali, lenye dohani ya bati iliyotoboa paa, na pale kwetu Navakholo hakuna jirani aliyekuwa na kitu kama hicho. Alijivunia sana.

Baada ya misimu michache ya mvua, moshi ulianza kurudi ndani. Maji ya obusuma, ugali wetu, yalichelewa kuchemka, ukuta wa juu ya jiko ukawa mweusi, na mzigo wa kuni uliotutosha wiki nzima ukawa hautufikishi hata siku ya soko. Mimi nilikuwa msichana wa darasa la saba. Sare yangu ilinuka moshi hadi mwenzangu wa dawati akawa anasogea pembeni. Nyumbani sikusema kitu. Mama naye hakusema. Niliona tu kwamba Baba akishaenda kwenye miwa, Mama huchota udongo akaziba nyufa kwa vidole, kisha hupaka majivu juu ili zisionekane.

Jumamosi moja Baba aliwaalika akina mama wa kanisani waje kujifunza. Waliketi kwenye viti tulivyoazima, naye akasimama kando ya jiko akiwaeleza jinsi hewa inavyopita. Mama akawasha moto. Kwa muda mfupi mambo yalikwenda vizuri. Kisha ule udongo ukakauka na kubanduka, moshi ukatoka kwenye kila ufa. Wageni wakajifuta macho kwa leso. Mmoja alikohoa hadi akatoka nje.

Baba akanitazama. "Huyu mtoto ameleta kuni mbichi," akawaambia.

Niliinamisha kichwa. Mgeni mmoja akanieleza kwa upole kwamba msichana wa umri wangu anapaswa kuzijua kuni. Ningekubali yaishie hapo, lakini Mama akainuka, mikono imejaa majivu.

"Kuni ninaanikanga mwenyewe," alisema. "Usimsingizie mtoto. Jiko lako limepasuka tangu mvua ya mwaka jana."

Hakupaza sauti. Baba aliuangalia ule ukuta mweusi kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuuona, akatoka kwa mlango wa nyuma. Aibu ya kusingiziwa ilikuwa ndogo kuliko ile iliyonishika nilipouona mgongo wake ukienda. Nilitamani Mama angeniachia tu lile kosa. Tulipika nje kwenye mafiga, na wageni wakala wakizungumzia mahindi. Hakuna aliyetaja jiko.

Jumatatu Baba alipanda juu ya paa akaing'oa dohani. Masizi yalikuwa yameiziba hata mkono haupiti, na upande wa chini bati lilikuwa limeliwa na kutu. Akabomoa matofali yaliyopasuka, akaniita nimshikie karai la udongo. Tulipokuwa tukifanya kazi akasema, bila kuniangalia, "Kuni zilikuwa kavu."

"Ndiyo, Baba."

Akaendelea kupanga matofali.

Jiko liliwaka vizuri tena, ingawa wale akina mama hawakurudi kuliona. Tangu hapo, mvua zikiisha, Baba alimwuliza Mama mbele yetu sote kama moshi unapita, na Mama alimjibu vile alivyoona.