Nilikwenda Mgori Kutafuta Shahidi

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka tisa, na hapo ndipo shida ilipotushika. Baba alikufa kwa homa, mvua ikakatika mahindi yakiwa magotini, mama akabaki na watoto watatu pale Mgori, mimi nikiwa wa kwanza. Shule niliiacha darasa la tatu. Tangu hapo nimebeba mizigo, nimeuza kuku minadani, nimenunua shamba Mungaa na kuweka mashine ya kukamua alizeti. Kila penye watu nimekuwa nikisema kwamba mimi Elia sikushikwa mkono na mtu. Sasa nawaandikia ninyi wa nyumbani habari za safari iliyoniziba mdomo. Niliyoyakuta sikuyategemea, na mpaka leo nikiyakumbuka naduwaa.

Chanzo cha safari ni mama Hadija. Huyu ni mjane, jirani yangu hapa Mungaa, ana watoto wanne. Mwezi wa sita mwaka huu, vibarua wangu walipomaliza kuvuna alizeti, nilimkuta shambani kwangu na kikapu, anaokoteza vichwa vilivyobaki. Sikumtukana wala sikumpiga. Nilimpeleka ofisi ya kijiji, kikapu kikafungiwa stoo kiwe ushahidi, shauri likapangwa Ijumaa. Akishindwa angetoa mbuzi wawili. Mbuzi alionao ni hao hao wawili, na maziwa yao ndiyo uji wa mtoto wake mdogo. Hilo nililijua, siwafichi.

Jumatano asubuhi akaja mwinjilisti wetu kunibembeleza. Ni kijana, ndevu zenyewe bado zinajifikiria. Akafungua Biblia akaniambia Mungu alimkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni, na kwamba kinachosahaulika shambani ni cha maskini, mgeni, yatima na mjane. Nikamwambia hayo ni ya Wayahudi wa zamani. Nionyeshe mkulima mmoja wa mkoa huu aliyewahi kufanya hivyo. Mimi nimeshinda njaa Mgori na hakuna aliyeniachia hata suke.

"Mzee, Mgori hujakanyaga miaka hamsini," akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi. "Umejuaje?"

Nikamjibu kwamba nitakwenda kesho yake, nitamtafuta mzee wa kule anayeukumbuka mwaka ule, na Ijumaa nitamtaja mbele ya baraza awe shahidi wangu.

Kuna jambo sikumwambia. Mwaka ule wa njaa sisi tulikula. Kulipopambazuka mama alikuwa akiniamsha, tunakwenda kwenye shamba la mtu mmoja, upande wa korongoni, yeye anakata uwele haraka haraka na mimi naangalia njia. Mama yangu alikuwa mwizi, mimi mlinzi wake. Sikumwambia mke wangu, sikuwaambia watoto. Ndiyo maana nikiona mtu na kikapu shambani kwangu, mwili wote unachemka. Nilipanga kwenda Mgori, kuuliza nilichofuata, na kuondoka bila kutaja jina.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, niliwasha pikapu. Kutoka Mungaa mpaka Ikungi ni vumbi, na vumbi la mwezi huo linaingia hata kwenye meno. Ikungi nikashika lami. Magunia ya alizeti yalikuwa yamepangwa kando ya barabara kila kijiji, na mimi nilikuwa nayahesabu kwa macho, nikilinganisha na yangu, nikifurahi.

Saa mbili nilikuwa Singida mjini. Nilikunywa chai kwa mama mmoja karibu na soko. Akaniuliza naelekea wapi, nikamwambia Mgori.

"Unafuata asali?"

"Nafuata shahidi."

"Wa harusi?"

"Wa kesi."

Akaniongeza sukari bila kuulizwa, akasema mwenye kesi anahitaji nguvu. Watu wa mezani wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nafikiria maneno nitakayosema Ijumaa.

Saa nne nikaiacha lami. Njia ya Mgori inapita katikati ya majabali makubwa yaliyokaa kama yalimwagwa, halafu nchi inafunguka na msitu unaonekana mbele, mweusi. Mizinga ya nyuki inaning'inia kwenye miti. Nilitafuta mahali palipokuwa na kibanda chetu. Pana mnara wa simu sasa, umezungushiwa wavu. Nilipunguza mwendo lakini sikushuka.

Saa tano nilifika kwenye mashine ya kusaga, wanaume wanne wamekaa juu ya magunia. Nikawauliza nani hapa anaukumbuka mwaka ule wa njaa. Wakabishana kidogo, wakawataja watu watatu na kuwazika wote watatu, mwisho mmoja akasema, "Nenda kwa dada Raheli, binti wa marehemu mzee Daudi. Yule anakumbuka hata mbuzi waliokufa na majina yao."

Jina la mzee Daudi lilinipiga kifuani. Lile shamba la korongoni lilikuwa lake. Nilitaka kugeuza gari, lakini walikuwa wananiangalia, na mimi si mtu wa kugeuza gari watu wakiangalia.

Dada Raheli nilimkuta uani anapepeta uwele. Ni mwanamke mrefu, anaelekea miaka sabini, mgongo umenyooka. Nikamwambia shikamoo, na ulimi ulikwama kidogo, kwa sababu ni miaka mingi mimi ndiye ninayeitikia. Akaitikia marahaba, akauliza natoka kwa nani. Nikasema mimi ni mkulima wa Mungaa, nina swali tu. Akasema maswali hayajibiwi kwa tumbo tupu, akaniletea ugali wa uwele na mlenda. Nilikula. Ladha ya uwele ule niliijua.

Nilipomaliza nikauliza. Mwaka ule, kuna mkulima wa hapa aliyeacha chakula shambani kwa ajili ya maskini? Nilitaka aseme hapana. Neno moja tu, niondoke nalo.

Alijifunga khanga vizuri akaniambia nimfuate.

Tukashuka mpaka shambani. Uwele ulikuwa umekwisha kukatwa, mabua yamelala. Lakini upande wa chini, kando ya korongo, palikuwa na ukanda mrefu wa uwele uliosimama, masuke yamekauka, ndege wanatua. Nikamwuliza kama vibarua wamemkimbia.

"Hapana. Pale si petu."

Nikadhani amemuuzia mtu. Akatikisa kichwa. Akaniambia baba yake hakujua kusoma. Siku moja kanisani alisikia yakisomwa maneno yale ya pembe za shamba, akarudi nyumbani bila kuongea na mtu. Yeye Raheli alikuwa amefika darasa la nne, ndiye msomaji wa nyumba. Baba yake akamwambia amsomee mahali pale mara tatu, kisha akamwuliza, pembe hiyo ina upana gani. Wakatafuta. Hawakuona. Wakamwuliza mwalimu wa dini, naye hakuona. Imeandikwa usivune pembe, basi, hatua ngapi haikuandikwa.

"Baba akakaa nalo wiki nzima," Raheli akasema. "Halafu akatuambia, Mungu hakusahau kutaja upana. Ameacha makusudi, anataka aone wewe utaukatia wapi."

Tangu hapo, kila mwaka kabla ya kuvuna, mzee Daudi alihesabu nyumba ambazo moshi hautoki, ndipo akapima hatua. Na mwaka wa njaa, mwaka ambao mtu yeyote mwenye akili angekusanya mpaka punje, aliacha karibu nusu ya shamba. Mkewe alimgombeza mpaka akaishiwa na sauti. Wao wenyewe walikunywa uji mara moja kwa siku.

Mimi nilikuwa nimeshika bua la uwele. Yeye akaendelea, kama mtu anayesimulia habari za jirani.

"Kulikuwa na mjane mmoja, mama Elia. Baba alimpelekea unga, akaurudisha. Akasema yeye si ombaomba. Mama yule alikuwa na kiburi, usiombe. Baba akasema, asiyepokea mkononi atakata mwenyewe. Akawa anakuja alfajiri na mtoto wake, anakata kama anafukuzwa. Anadhani anaiba."

"Na ninyi mlimwona?"

"Kila siku. Baba alitukataza kufungua mlango mpaka apite. Ng'ombe walikaa zizini wanalia na njaa, hatuwatoi, mama Elia asije akaona aibu. Hata maji hatukwenda kuchota."

Niliangalia chini. Nikauliza kama yule mjane alikuja kujua. Akasema ndiyo, mwishoni. Siku walipohama alikuja mchana kweupe, akapiga magoti uani, akasema yeye ndiye aliyekuwa anawaibia. Mzee Daudi alimwita Raheli alete Kitabu. Raheli akamsomea maneno yale yale ya pembe za shamba.

"Nilipomaliza alikaa vumbini akacheka," akasema. "Akacheka, akalia. Halafu akaniambia, mwanangu, nisomee tena."

Miaka hamsini nimembeba mama yangu moyoni kama mwizi. Nimemzika kama mwizi. Dada Raheli akanitazama.

"Wewe ni nani?"

"Elia."

Hakushtuka kama nilivyodhani. Alinitazama kuanzia viatu. "Mlinzi," akasema. "Ulikuwa unakohoa sana. Baba alikuwa anacheka kule ndani, anasema, mlinzi gani huyu anayekohoa."

Jioni alinitolea Biblia yao, jalada limeshonwa kwa kamba ya katani, akanifungulia kitabu cha tano cha Musa. Nikamwambia anisomee. Akakataa, akasema nisome mwenyewe. Nilisoma kwa kidole, neno moja moja, kama mtoto, naye hakunisaidia hata pale nilipokwama. Nilifika mahali panaposema ukisahau mganda shambani usirudi kuuchukua. Nikafika kwenye sababu yake. Nilidhani sababu ingekuwa kwamba maskini wanatia huruma. Siyo. Mungu anamwambia mwenye shamba akumbuke kwamba na yeye alikuwa mtumwa kwenye nchi ya watu. Nilirudia mstari ule mara nne. Biblia kama ile ninayo nyumbani miaka ishirini, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, na wageni wakija wanaiona. Mstari huu ulikuwa ndani yake siku zote nilizokuwa naipangusa vumbi.

Usiku usingizi haukuja vizuri. Nikakumbuka msimu wangu wa kwanza Mungaa, mama akiwa hai bado. Aliniambia, Elia, usimalize shamba. Nikacheka, nikamwambia mama uzee umekuingia kichwani. Akaniambia tena msimu wa pili. Msimu wa tatu hakusema. Kwa nini hakunieleza wazi sijui. Mimi huenda sikuwa mtu wa kuelezwa.

Ijumaa alfajiri niliaga. Dada Raheli alinifungia uwele kwenye kitambaa, na safari hii mtu wa ukoo wetu aliupokea mkononi. Njiani sikuhesabu magunia ya watu. Saa nne na nusu nilisimamisha gari mbele ya ofisi ya kijiji, watu wameshajaa. Mama Hadija amekaa kwenye benchi la mwisho, mbuzi wake wawili amewafunga nje kwenye mti, amekuja nao kabisa.

Mtendaji akaniuliza kama nimempata shahidi. Nikasimama. Nikasema nimempata, ni marehemu mzee Daudi wa Mgori, na shahidi wa pili ni mama yangu mzazi. Nikaeleza yote, mlango uliofungwa, ng'ombe zizini, kikohozi. Nikasema mbele ya watu ninaowadai heshima kila siku kwamba nimekuzwa na uwele wa shamba la mtu, ulioachwa kwa ajili yetu, na kwamba nafuta shauri. Mwinjilisti aliinamisha kichwa, hakunicheka, na ningeona afadhali angenicheka.

Mama Hadija ndiye aliyesema wa kwanza. "Na kikapu changu, mzee? Kiko stoo siku kumi. Nacho kimefutiwa?"

Watu wakaangua kicheko. Nilikwenda stoo mwenyewe, nikakileta, nikampa kwa mikono miwili. Alivihesabu vichwa vya alizeti kimoja kimoja, ndipo akanishukuru.

Mchana huo huo nilikwenda kwenye mtama wangu, uliokuwa bado haujavunwa, kuweka alama ya pembe. Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipojifunza. Kusema ofisini ilikuwa rahisi. Nilipima hatua kumi nikasimika kijiti, nikajiona mtu mwema. Nikahesabu nyumba za jirani, nikaking'oa, nikaenda mpaka thelathini. Nikaona masuke yalivyojaa pale, nikarudi ishirini. Nilizunguka na kijiti kile mpaka jua likanigeukia, mzee mzima nagombana na kijiti. Mwenye Kitabu hakunisaidia kuhesabu. Mara ya mwisho nilifumba macho, nikatembea nikihesabu hatua, nikasimika, nikaondoka bila kutazama nyuma.

Leo ninavyo vitu hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano. Mashine moja ya kukamua alizeti. Pikapu moja, kuukuu. Ng'ombe kumi na wanne, punda wawili, kuku siwajui idadi. Biblia moja, imeshuka kabatini, ina alama za vidole. Shamba la ekari kumi na mbili, ukiondoa hatua thelathini na nane za upande wa chini. Hizo si zangu.