Makofi ya Kumsalimia Mama Mkwe

Jumapili iliyopita nilimwambia mke wangu, "Leo mtoto namfunga mimi mgongoni. Kitenge nacho kina ufundi gani?"

Njiani fundo likaanza kulegea, nikalishikilia kifuani kwa mikono miwili. Karibu na kanisa, hapa Makere, tukakutana na mama mkwe, ambaye tangu mwanzo ana wasiwasi kama nitaweza kulea. Huku kwetu mkwe husalimiwa kwa kupiga makofi. Nisipopiga, sina adabu. Nikapiga.

"Mwakeye, mama!"

Kitenge kikafunguka. Mtoto akateleza, akang'ang'ania suruali yangu yenye mpira kiunoni, akashuka nayo mbele ya waumini wote. Mama mkwe alimdaka mjukuu wake, akageuka upande.

"Nimeitikia, baba. Sasa vaa."