Ng'ombe wa Apolonia

Marehemu mume wangu, Theonest, hakuwa mvivu, na asije mtu akanidanganya kuhusu hilo. Ugonjwa wake ulikuwa mpangilio. Aliupata Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, alikotunza stoo ya vifaa. Huko kila sururu ilikuwa na kibati chake, na kila kibati msumari wake ukutani. Sururu ikitoka, kibati kinahama; ikirudi, kinarudi. Theonest akaona hiyo ndiyo dawa ya dunia nzima.

Basi alipoacha kazi tukarudi kijijini, nje kidogo ya Shinyanga, akapigilia ubao sebuleni. Kushoto kazi zinazosubiri, katikati kazi inayofanyika, kulia zilizokwisha. Na katikati hapakai zaidi ya kibati kimoja! "Mama Apolonia," ananiambia, "huwezi kula unga huku unapiga mluzi." Na kweli, kwa mtindo huo tulichimba kisima, tukaezeka nyumba bati, wakati majirani wanaacha zao nusu nusu. Sitamnyima haki yake. Mansukhlal, mwenye duka la vitambaa mjini, alikuwa akimtania: "Bwana Theonest, hata mvua utaipangia zamu?" Tunacheka wote.

Mwaka 1969 Donatus, mtoto wa mzee Makoye wa upande wa Kishapu, akamposa binti yetu Apolonia. Jamani, wale watoto walipendana! Apolonia, mtu mkimya, siku hizo alikuwa anaimba hata akisugua sufuria. Tukakubaliana mahari ya ng'ombe, na Theonest akaikata harusi nzima vipande: kwanza zizi jipya la magogo, ndipo ng'ombe wapokelewe, ndipo kanisa, ndipo karamu. Kila kipande kibati chake, kimechorwa picha kwa ncha ya msumari ili na mimi nisiyejua kusoma nielewe.

Ila mwaka huo jua lilitupiga. Kwa mzee Makoye majani yakaisha, na mwenye ng'ombe wa mahari hawezi kungoja wakonde, maana aibu ni yake. Akawaswaga kwetu kabla ya wakati tuliopatana. Asubuhi nikasikia nyimbo. Nikatoka na vigelegele vyangu, Apolonia akakimbilia jikoni kwa haya. Theonest alikuwa kwenye zizi lake, upande mmoja bado uko wazi.

"Mwangaluka, mkwe," mzee Makoye akasalimia. "Tumefika."

"Karibuni sana," Theonest akajibu, mikono imejaa udongo. "Lakini zizi halijakwisha. Rudini nao, nikimaliza nitawaita."

Nilidhani anatania. Nikamvuta pembeni. "Baba Apolonia, una akili kweli? Walale hata kwa jirani! Ng'ombe wa mahari hawageuzwi mlangoni!" Kwetu Usukumani ukiwageuza umekataa posa, na Theonest alilijua hilo tangu anachunga ndama. Lakini kichwa chake kilikuwa kwenye ubao.

"Sijamkataa mtu," akasema. "Zamu yao bado. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo!" nikamrudishia.

Mzee Makoye hakubishana. Aliinua fimbo, ng'ombe wakageuka. Donatus alitazama jikoni kidogo, halafu akamfuata baba yake. Na mume wangu, Mungu amrehemu, akarudi kuchimbia magogo, tena ameridhika!

Zizi likakwisha, zuri, hata mbuzi hapenyi. Theonest akahamisha kibati, akavaa koti, akaenda kuwaita wakwe. Akarudi uso umemshuka. Mzee Makoye alimkaribisha vizuri, akamchinjia jogoo, kisha akamwambia: "Ndugu yangu, jibu ulitupa siku ile ile." Ng'ombe walikuwa wamekwisha kupokelewa kwa watu wengine, na Donatus alikuwa na mke.

Theonest alijaribu kumweleza binti yake: ule upande uliobaki wazi, fisi, ng'ombe wangepotea. Apolonia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba," akasema, "wewe ulikuwa unangoja zizi. Na mimi, ulidhani nangoja nini?"

Hakuimba tena. Wachumba walikuja, akawakataa kwa adabu. Theonest aling'oa ule ubao akaupasua, nikaupikia maharage. Ingesaidia nini? Maji yakimwagika hayazoleki.

Nywele zetu zilikuwa zimeshakuwa nyeupe alipokuja Bartholomeo, fundi cherehani kutoka Geita, mtu mzima, mpole, aliyefiwa na mkewe. Kikombe cha maji hajakimaliza, mahari hajaitaja, Theonest akamshika mkono. "Nimekubali! Hata kesho. Hata leo hii, mchukue!" Ile haikuwa sauti ya baba mwenye binti. Alikuwa anaomba.

Apolonia alikuwa uani anapepeta mchele. Aliweka ungo chini, akaja mlangoni.

"Sasa ndiyo una haraka, baba?"

Hakupaza sauti. Alimwomba mgeni radhi, akamsindikiza mpaka barabarani kama inavyopasa, akarudi kwenye mchele wake. Theonest alibaki kwenye kiti, machozi yanamtiririka, mzee mzima, mbele yangu. Nilimhurumia kweli, lakini sikumwambia anyamaze.