Aliyesema kwa Sauti ya Mama

Maduka ya manukato ya hapa Dubai hayana subira. Hujafika mlangoni, moshi wa udi umeshakufuata hadi kwenye ngazi za umeme. Wenzangu husimama wakafukiza mabuibui yao. Mimi hukaza mwendo, na binti yangu hunicheka, maana hajui kwamba mama yake, mtu mzima mwenye kazi na gari, bado husisimka mwili akinusa udi. Yeye sijamweleza. Ninyi acha niwaeleze.

Nilipokuwa mtoto, mama yangu alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa madam mmoja Mwingereza, mjane, kwenye nyumba kubwa iliyotulia kupita kiasi. Sisi tulikaa Al Twar, na baba alikuwa na kazi ya bohari huko Jebel Ali. Shule zikifungwa hapakuwa na wa kunishika, basi mama alinichukua, akaniketisha jikoni kwa madam, na kila asubuhi akaniambia maneno yaleyale: nisiguse kitu, nisiende ukumbini, nisisikike.

Ukumbini kulijaa picha za madam. Mama alinisimulia kwamba madam alianza jukwaani akiwa msichana huko kwao, akaingia kwenye filamu, kisha akawa muuguzi katika tamthilia ya televisheni iliyokwenda miaka na miaka, hata watu wakikutana naye njiani walimwonyesha vidonda vyao. Ukutani alikuwa malkia, bibi harusi, mwizi, na maiti aliyeopolewa mtoni. Uso mmoja, watu chungu nzima. Baadaye makunyanzi yakaingia, simu za kumwita kazini zikapungua, akamfuata mumewe mhandisi huku kwenye joto. Zile picha mimi sikuzipenda. Yule maiti hasa, alikuwa amefumba macho vizuri mno.

Likizo moja sauti zikaanza. Madam alikuwa peke yake ukumbini, lakini nilisikia mwanamke akilia, kisha mwingine akicheka, kisha mwingine akimbembeleza mtu asiyekuwapo.

"Madam yuko kazini," mama alisema. "We kula mkate wako."

Lakini nilijua filamu hutengenezwa kwa kamera na mataa na watu wanaopigiana kelele, na mle ndani hakukuwa na kamera wala kelele. Halafu mimi ni mjukuu wa bibi yangu. Bibi, huko Mombasa, ndiye aliyeitwa mtu akipandwa na pepo, na nilishamwona jirani yetu mpole, asiyeweza hata kufukuza kuku, akinguruma kwa sauti ya mwanamume. Kwa hiyo mtu mmoja akisema kwa sauti tatu, sikuhitaji mwalimu. Niliogopa kwamba pepo yule angemchoka yule mzee mwembamba na kumpanda mama, aliyekuwa akipiga deki mlemle kila siku.

Asubuhi moja mama alitoka uani kuanika mashuka. Nilikuwa nikimwona dirishani, amebana vibanio viwili mdomoni. Na wakati huohuo, nyuma yangu, ukumbini, nikamsikia akisema, "Yes, madam. Sori, madam." Sauti yake hasa, ile iliyofifia mwishoni mwa kila neno. Nikamtazama tena dirishani. Vibanio vilikuwa bado mdomoni.

Sijui kama mmewahi kuogopa hadi mkashindwa hata kukimbia. Nilichokumbuka ni desturi ya bibi: kwanza unafukiza, kisha unamuuliza pepo jina lake na anachotaka, naye akipata chake huondoka. Madam alikuwa na chetezo cha umeme cha kuwafurahishia wageni. Nikakichomeka kwenye soketi ya mlangoni pa ukumbi, nikamimina udi wote uliokuwa kwenye kikopo, nikaingia ndani na moshi.

Madam alisimama pembeni, mabega ameyasogeza mbele, mikono ameikunja tumboni, kidole gumba kimoja kikisugua kingine. Mama yangu ndivyo alivyosimama.

"Jina lako nani?" nikauliza, meno yakigongana. "Na wataka nini kwa mama yangu?"

Hakuwahi kujibu. King'ora cha moshi kilipasua dari, mama akaja mbio, akachomoa waya, akapepea kwa shuka bichi hadi kelele zikakoma. Kisha akasimama mbele ya madam, mabega mbele, mikono tumboni, gumba likisugua gumba.

"Sori, madam. Yes, madam. Sitamleta tena, madam."

Mama wawili, uso kwa uso. Nikajikojolea papo hapo.

Madam aliitazama mikono ya mama, kisha yake, akaiachanisha upesi kama aliyegusa sufuria la moto. Akauliza mtoto amesema nini. Mama akamwambia yote. Madam hakucheka. Alipiga magoti mbele yangu, akanieleza taratibu kwamba sauti zote nilizosikia ni yeye tu, akifanya mazoezi. Kwamba baada ya miaka mingi amepewa tena kazi, aigize mtumishi wa jumba kubwa, na alikuwa akijifunza mwanamke wa namna hiyo husimamaje.

"Nimekuwa nikimtazama mama yako," alisema. "Samahani." Alikuwa akinitazama mimi, lakini nadhani neno lile halikuwa langu.

Kwenye basi nikamwambia mama, "Alikuwa na sauti yako."

"Si yangu," mama akajibu. "Mimi sisemi hivyo."



Kazi haikumponyoka mama. Miaka ikapita, mama akastaafu, na filamu ile ya madam akiwa mtumishi tukaiona pamoja sebuleni kwangu. Mama niliyemjua nyumbani alikuwa mtu wa kugombana na wenye maduka na kucheka hadi majirani wagonge ukuta. Utotoni sikujua kwamba kazi yake kwa madam ndiyo iliyonilipia shule, na kwamba siku madam angemwambia khalas, kazi imekwisha, ningerudishwa Mombasa kwa bibi, nilelewe mbali naye kama binamu zangu walivyolelewa mbali na mama zao. Sasa nikaisikia sauti ile kwa masikio ya mtu mzima, nikatambua kilichonitetemesha siku ile. Nilikuwa nimemsikia mama akiogopa.

Nikageuka kumtazama. Alikuwa ameinamia kioo cha televisheni, machozi yakimtoka.

"Kumbe ulikuwa ukisikika," alisema. "Woga wangu. Na mimi nikidhani nimeuficha."