Siku Niliyopeleka Matarumbeta kwa Bata Mwitu

Aibu hii ni yangu, na nataka ieleweke hivyo tangu mwanzo, maana hapa mjini Kigoma anaibeba mtu mwingine na mimi nimemwachia aibebe muda mrefu mno. Kwa hiyo kaeni, na anayetaka kucheka acheke, ila acheke kwa kumtazama mwenye kosa.

Kwanza mumjue mume wangu. Baba Shani ni mwalimu wa baiolojia, mtu wa Kasulu, mpole, anaongea kama mtu aliye chumba kimoja na mtoto aliyelala. Mimi ni mtoto wa Ujiji, nimezaliwa kwenye kelele, na hakuna kamati ya harusi pale Buzebazeba isiyonitafuta (shughuli nisiyoisimamia mimi wali huisha kabla ya wageni, sijisifu, ulizeni). Kila Jumapili alfajiri yeye huchukua darubini yake, hupanda baiskeli na kuteremka bonde la Luiche, kule mto unapokaribia kuingia ziwani na matete yanampita mtu kimo, akakaa huko kutazama ndege. Mwanzoni nilidhani ana mwanamke. Siku moja nikamfuata, nikamkuta amelala kifudifudi kwenye nyasi anatabasamu peke yake, nikarudi nyumbani na wivu mkubwa kuliko niliotoka nao, maana mwanamke ningejua pa kuanzia.

Huko bondeni alikuwa amegundua bata mwitu wenye uso mweupe, wale wanaopiga mluzi, wanataga pembeni mwa matete, na pembeni hapo hapo ndipo watu wa mpunga wanaposogeza majaruba yao kila msimu. Akawaandikia wenzake wa kutazama ndege, wako Morogoro, Mwanza mpaka Bujumbura, akawaandikia tena na tena hadi wakakubali kuja kufanyia mkutano wao wa wikiendi hapa kwetu, Jumamosi mazungumzo mjini, pale Bangwe, kuhusu ndege wa majini na utunzaji wa maeneo oevu, Jumapili asubuhi bondeni kuona kwa macho. Wakiona kwamba bata wanazaliana pale, wangekaa na wenye mashamba kuwaomba waiache ile sehemu. Wasipoona, Baba Shani angebaki mwalimu wa Kigoma anayedai kaona bata.

Haya aliniambia akiwa anafuta kioo cha darubini kwa pindo la kanga yangu. Akaniomba kitu kimoja tu, niwapelekee wageni chai na chapati kule bondeni. Habari ya kukaa kimya hakuitaja, na simlaumu, kwake hilo halihitaji kusemwa, kama vile humwambii mtu avue viatu akipanda kitandani.

Ndipo nikafanya kauamuzi kangu kadogo. Niliwaza, wageni watoke Morogoro yote ile kwa ajili ya mume wangu, halafu wapokewe na chupa za chai tu kama wamekuja msibani? Nikampigia Maneno, kiongozi wa vijana wa matarumbeta (harusi zake nyingi nimemtafutia mimi), nikamwambia Jumapili asubuhi nina ugeni mkubwa. Akauliza bwana harusi ni nani. Nikamjibu ni mume wangu. Akanipa hongera.

Jumapili ilipofika nilivaa kitenge cha njano cha kung'aa na viatu vya kisigino, tukapanda kirikuu, kile kigari cha mizigo, mimi, chapati zangu, Maneno na vijana wake wakiwa wamekumbatia matarumbeta. Tulipofika tuliwakuta wageni wamechuchumaa kwenye nyasi, wote na nguo za rangi ya matope, wametupa mgongo, hakuna anayegeuka. Mimi nikadhani wanasali. Baba Shani akaniona kwa mbali, akainua mkono, akaushusha taratibu, akauinua tena, akaushusha. Mtu yeyote mwenye akili angeelewa anasema tulia. Mimi, miaka yote hiyo kwenye kumbi, niliona mtu anayetoa ishara ya muziki kuanza.

"Mama Shani, tuanze na ile ya bwana harusi anaingia?" Maneno akauliza.

"Anza," nikamwambia.

Lile bonde lote liliinuka. Sijui niseme vipi, ndege waliokuwa ndani ya matete walitoka kwa pamoja, weupe, weusi, wa kahawia, wakajaa juu yetu wakipiga kelele, na mimi kwa furaha nikadhani ndiyo sehemu ya shughuli, nikapiga kigelegele (kirefu, wanaonijua wanakijua). Nikakimaliza, nikaona nyuso. Dokta Salome, mama wa makamo aliyekuwa kiongozi wao, ameshusha darubini ananitazama. Baba Shani hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama mbingu ambayo sasa ilikuwa tupu.

Mle majini akabaki bata mmoja. Anapiga bawa moja kwenye matope, jingine analiburuta, anahangaika vibaya, nikajua tumemvunja kwa kelele zetu. Nikakimbia. Kisigino cha kwanza kilibaki ukingoni, cha pili sikukiona tena, bata anasogea na mimi nasogea, namwambia samahani mwanangu, samahani mama, mpaka matope yakanifika kiunoni. Na yeye alipoona nimefika mbali vya kutosha akakunjua mabawa yote mawili, mazima kabisa, akaruka zake akipiga mluzi. Vijana wa Maneno walikuwa bado wanapiga, kwa sababu wamezoea kunyamaza ninapopunga leso, na leso nilikuwa nayo matopeni.

Baba Shani aliingia na viatu vyake, na suruali yake ya ugeni, na ile darubini ambayo hata Shani haruhusiwi kuigusa ikazama kifuani mwake asiiangalie. Akanishika chini ya makwapa. "Ihangane," ananiambia, ndivyo wanavyompoza mtu kwao, "ihangane." Nikamwambia huku nalia, nimekuharibia, na ndege wako nimemvunja.

"Hajavunjika," akasema. "Anajifanya. Ana watoto karibu, anataka tumtazame yeye ili wao tusiwaone."

Dokta Salome alimsikia. Akaenda polepole pale bata alipotokea, akatenganisha nyasi kwa vidole, akachuchumaa, akawaita wenzake kwa mkono. Vifaranga walikuwepo, wamebanana kama mandazi kwenye sahani. Akawatazama muda mrefu, akazirudisha nyasi. Halafu akaja tuliposimama tunachuruzika, akauliza bila hasira, "Na hii bendi aliileta nani?"

Nikafungua mdomo. Baba Shani akawahi, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, watu wote wakasikia.

"Mimi. Huku kwetu mgeni hapokewi kimya."

Wakacheka, jamani, walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na yeye akacheka nao, anakuna kichwa, kiatu kimoja hakipo. Alisimama mbele yangu vile vile mpaka nikamaliza kujifuta, na hakuna hata mmoja aliyenitazama mimi. Nilimpenda mwanamume yule kuliko siku niliyoolewa naye.

Msimu huu ile sehemu imeachwa, watu wa mpunga wamekubali. Lakini kicheko kilifika mjini kabla yetu, na mpaka leo wanafunzi, na hata wauza dagaa wa Kasingirima, wanamwita Mwalimu Matarumbeta. Anaitika. Nikitaka kuwasahihisha ananibonyeza mkono.

Basi nimesema. Jina hilo ni langu, niiteni mimi. Tangu siku ile Jumapili alfajiri tunakwenda wote, mimi nimevaa gauni la rangi ya udongo na raba, chapati nimezifunga kwenye kitambaa zisichakarishe karatasi. Yeye akiona kitu hunigusa kiwiko, nami nikitazama, kigelegele kinanifika hapa kooni, nakimeza.