Fimbo Iliyokwama Begani

Saa kumi na moja na dakika kumi za jioni, siku ya Jumamosi, fimbo ya fundi ilipanda mpaka begani ikasimama. Nakumbuka wakati ule kwa sababu saa ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nampimia mapumziko baina ya pigo na pigo. Akapiga. Mpira ukaenda chini kwa chini, ukajificha kwenye majani. Nikamwambia arudie, na mara hii fimbo ivuke bega, izunguke mpaka nyuma ya kichwa. Akasema, "Naam, maalim." Fimbo ikapanda mpaka begani, ikasimama.

Nilidhani ni uchovu. Alikuwa fundi cherehani wa Mkunazini, na siku nzima alikuwa ameinamia kazi ya watu. Tukafunga, tukaenda kusali Magharibi. Lakini Jumatatu ilikuwa vilevile, na Jumatano pia, na hapo ndipo ilipoanza hofu ambayo haikuniacha kwa wiki tano.

Inafaa nieleze nilikuwa nafanya nini kwenye uwanja wa Mnazi Mmoja na fimbo ya gofu, maana wengi waliniuliza wakati ule na majibu yangu hayakuwaridhisha. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, umri umeshavuka arobaini, na sauti ilikuwa inanipotea. Daktari alinitazama koo, akasema vumbi la chaki na miaka ya kupaza sauti mbele ya watoto hamsini vimeshafanya kazi yao, na nikiendelea hivyo nitabaki na mnong'ono. Skuli moja ya ualimu hapa mjini ilikuwa inatafuta mkufunzi wa michezo. Hiyo ni kazi ya nje, ya upepo wa bahari na maneno machache. Walikubali kuningoja mpaka mwisho wa mwaka, kwa sharti nije na cheti.

Cheti kilitolewa na chuo kimoja cha bara, na masomo yake yalikuja kwa posta. Karatasi hazikunitisha. Mengi niyajuayo nimejifunza peke yangu, na mifupa, misuli na upangaji wa mazoezi niliyapitia kila alfajiri kabla ya kwenda skuli. Kilichonitisha ni mtihani wa vitendo. Kila mmoja wetu alitakiwa achague mchezo unaochezwa na mtu peke yake, si wa timu, kisha atafute mtu mzima asiyeujua na kumfundisha kwa miezi mitatu. Halafu mkaguzi angekuja, akae dakika arobaini, aone kama mwalimu analitambua kosa la mwanafunzi wake na kulirekebisha palepale. Kumweleza kosa tu hakukutosha. Mkaguzi alitaka mwanafunzi abadilike mbele ya macho yake.

Nilichagua gofu kwa sababu ndio mchezo nilioujua kwa karibu. Ujanani niliwabebea mabwana mikoba yao kwenye kiwanja hichohicho, na kwa kuwa hakuna aliyezungumza na mimi, nilipata nafasi ya kuwatazama. Baada ya Mapinduzi mabwana waliondoka, majani yakaota, wacheza kandanda wakachukua upande mkubwa wa uwanja. Mimi nilikuwa na fimbo tano nilizozinunua mnadani, nimezifunga kwenye gunia chini ya kitanda. Kwa zama zile, mtu kuonekana na vitu vile hakukuwa jambo jepesi. Kwa hiyo nilikwenda mwenyewe kwenye tawi la chama kueleza kabla sijaelezewa na wengine. Katibu wa tawi aliniuliza kama nitawafundisha watu kubeba mikoba. Nikamwambia hapana, nitawafundisha kupiga. Akacheka, akasema basi nisipasue kichwa cha mtu.

Mwanafunzi nilimchagua kwa hesabu, na hesabu ilikuwa na kasoro. Fundi alikuwa mchezaji wa mpira wa magongo, mlinzi wa kulia wa timu yake kwa miaka mingi. Nilifikiri mtu aliyezoea gongo na mpira mdogo amekwisha kufika nusu ya njia. Na kweli, mikono yake ilikuwa na nguvu, na jicho lake halikupotea. Sikukumbuka kwamba katika mpira wa magongo, anayeinua gongo juu ya bega wakati wa kupiga amefanya kosa. Wenyewe huliita stiki. Mwamuzi hupuliza filimbi, na timu yako hunyang'anywa mpira.

Kwanza nilimpa maneno. Maneno yakashindwa. Kisha nikafunga uzi baina ya miti miwili juu ya kichwa chake, nikamwambia aguse uzi kwa fimbo kabla ya kushuka. Bila mpira, aliugusa kila mara, na mzunguko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mabwana wengi niliowabebea. Nikiweka mpira, fimbo haikuufikia uzi. Nikajaribu kumfumba macho. Akaugusa uzi, akapiga mchanga, akaupata mguu wangu.

Mke wangu ndiye aliyesababisha jaribio la ndimu, ingawa hakukusudia. Alikuwa ananicheka kwamba nimeacha kula kwa ajili ya mtu mzima anayepiga chini, akanirushia ndimu nikamulie mchuzi. Kesho yake niliibeba ndimu ile mpaka uwanjani, nikaiweka juu ya kichuguu cha mchanga. Fundi akaizungusha fimbo mpaka nyuma ya kichwa, akaipiga, tukarukiwa na maji ya ndimu usoni. Nikaweka nyingine, hali ikawa ileile. Nikaweka mpira, fimbo ikasimama begani.

Wacheza kandanda walikuwa wanatutazama. Mmoja akapaza sauti, "Maalim, achari lini? Tuje na mikate?"

Fundi hakucheka. Alikaa chini, akaifuta fimbo kwa pindo la shati. "Maalim, mimi nikiuona mpira chini nikainua, nnasikia filimbi," akasema. "Haipo, nnajua haipo. Lakini mkono unaisikia."

Nilifurahi kwa muda mfupi, kwa sababu nilikuwa nimepata jina la ugonjwa. Kisha nikaona kwamba jina nilikuwa nalo, dawa sikuwa nayo. Mkaguzi hangekubali ndimu. Kubadilisha mwanafunzi hakukuruhusiwa. Niliandika chuoni kuomba muda, wakanijibu kwa adabu kwamba tarehe imeshapangwa. Siku zile nilikuwa nikimkuta mkuu wa skuli ya ualimu barabarani, nabadilisha njia, nisije nikaulizwa maandalizi yanakwendaje. Sauti yangu nayo ilizidi kukauka. Watoto wa darasa la tatu walishaanza kunisogelea ndipo wanisikie.

Mkaguzi alikuja na meli ya asubuhi. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, mtaratibu, amevaa viatu vyeupe, na hakusema neno ambalo halikuhitajika. Saa kumi na nusu tulikuwa uwanjani. Fundi alikuwa ameshona suruali mpya kwa ajili ya siku ile na kuipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Upande wa pili kandanda ilikuwa imepamba moto, nusu ya mtaa imekuja kutazama.

Mkaguzi akasema tuanze. Fundi akajipanga, akapiga. Begani. Mkaguzi akaniuliza kosa ni nini, nikamweleza lilivyo, pamoja na asili yake. Akaitikia kwa kichwa. "Umelieleza vizuri," akasema. "Sasa liondoe."

Nikamwondolea mpira fundi, nikamfanyisha mzunguko mtupu mara kadhaa, nikazungumza naye kuhusu pumzi na mabega. Nikarudisha mpira. Begani. Nikamsogeza miguu. Begani tena. Nilipofungua mdomo kumwelekeza, sauti haikutoka kabisa. Mkaguzi alitazama saa yake, kisha akatazama pembeni, kama mtu anayekwepa kumwona mwenzake akianguka.

Ndipo upande wa pili mwamuzi alipompulizia mshambuliaji mmoja kwamba ameotea. Mshambuliaji alikuwa peke yake mbele ya lango. Filimbi ilikwisha kulia, mpira ulikwisha kufa, na hakuna aliyemkabili. Akaurusha mguu kwa hasira zake zote, akaupiga mpira ule mpaka ukavuka miti ya mivinje ukaangukia barabarani. Katika kipindi chote nilichokuwa nikiwatazama sikuwa nimeona pigo jepesi na refu kama lile.

Niliondoka bila ya kuomba ruhusa. Nikamwendea mwamuzi, nikamwomba filimbi yake kwa ishara. Alidhani nimechanganyikiwa, na wachezaji walikuwa hawajaupata mpira wao, kwa hiyo alinipa. Nikarudi, nikamweka fundi mbele ya mpira wake. Kabla hajainua fimbo nikapuliza filimbi kwa nguvu, karibu na sikio lake.

Fundi akaruka. "Nimefanya nini?"

"Stiki," nikamnong'oneza. "Ushakosa. Mpira umekufa. Upige tu."

Alinitazama, kisha akautazama mpira. Fimbo ikapanda, ikavuka bega, ikazunguka nyuma ya kichwa, ikashuka, ikaukosa mpira kabisa. Watu wakacheka. Mimi sikuona aibu, kwa sababu fimbo ilikuwa imevuka bega mpira ukiwa chini. Nikapuliza tena. Safari ya pili mpira uliondoka. Ulipanda, ukakaa hewani muda ambao sikuuzoea, na kicheko kilikatika. Nikapuliza mara ya tatu, ya nne. Pigo moja likaenda pembeni, lakini yote yalipigwa kwa mzunguko kamili.

Upande wa pili walianza kudai filimbi yao. Mkaguzi alinikaribia. "Mwalimu, utampulizia filimbi maisha yake yote?"

Sauti ilinirudia kidogo. Nikamwambia kwamba kesho nitapuliza polepole zaidi, keshokutwa polepole kuliko kesho, mpaka siku nitakayoiweka mdomoni nisipulize.

"Na akifa maalim," akadakia fundi, "filimbi nnairithi mimi."

Mkaguzi hakutabasamu. Aliandika, akanipa mkono, akaenda zake kutafuta chai kabla ya meli. Sikujua kama ule ulikuwa mkono wa kheri au wa kuagana. Wiki tatu za kungoja jibu zilikuwa mbaya kuliko tano zilizotangulia, kwa sababu sasa hakukuwa na la kufanya. Nilirudisha filimbi ya watu, nikanunua yangu, nikampulizia fundi kila jioni kama nilivyoahidi, polepole, na siku ya kumi na moja niliiweka mdomoni tu. Alizungusha, akapiga, akaniuliza kwa nini nimesahau kupuliza.

Jibu lilipofika nilimpa mke wangu afungue. Nilikuwa nimefaulu, kwa daraja la chini kabisa la kufaulu. Mkaguzi alikuwa ameandika kwamba njia niliyotumia hakuiona kwenye kitabu chochote na kwamba hangependa wengine waiige bila ya sababu, lakini mwanafunzi alibadilika. Mkuu wa skuli ya ualimu hakuuliza daraja. Niliianza kazi mwezi wa Januari, na koo langu likapata nafuu taratibu, ingawa sauti ya zamani haikurudi.

Fundi hakuendelea na gofu. Alirudi kwenye timu yake, na katika mechi ya kwanza akainua gongo mpaka nyuma ya kichwa, mwamuzi akampulizia stiki mara mbili kabla ya mapumziko. Alikuja kwangu na magongo yake mkononi, amekasirika kweli, akataka nimrudishie bega lake. Ilitubidi tuanze upya, na uzi ule ule, safari hii chini ya bega, asiuguse.

Kama ningeshindwa, mtihani wa kurudia ungefanywa bara, kwa gharama yangu mwenyewe. Kwa kuwa sikuamini kwamba ningefaulu, nilikuwa nimekwisha kuweka kando ada shilingi arobaini, nauli ya kwenda na kurudi thelathini, na chakula na malazi ya siku mbili ishirini na nne. Zote zilibaki kwenye kopo, shilingi tisini na nne.